Miti Iliyolala Juu ya Shule

Asubuhi ya kwanza ya kazi nilitapika mara mbili kabla ya kuingia langoni. Ilikuwa shule ya msingi karibu na Ndanai, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha ualimu na cheti, sanduku la bati, na brashi tatu za kuchorea nilizozifunga ndani ya soksi ili zisivunjike. Mwalimu Mkuu wa hapo, mzee mnene aliyevaa tai hata siku ya soko, alisoma barua yangu, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maneno yaliyobaki.

"Sanaa na ufundi," alisema. "Rael, hilo ni somo ama ni mapumziko?"

"Ni somo, mwalimu."

"Haya. Lakini hesabu ikianguka hapa, nitajua ni nani aliangusha."

Maneno hayo yalinikaa tumboni miaka thelathini na tisa. Ninyi walimu vijana mnaosoma haya hamjui jinsi mwalimu wa uchoraji alivyoishi na wasiwasi wakati wetu. Kila nilipowatoa watoto nje kuchora, nilihisi jicho la mtu kisogoni. Kila matokeo ya mtihani yalipotoka, nilijiuliza kama ni mimi niliyewaharibu.

Rangi za dukani hazikuwapo. Tulichora kwa makaa ya jikoni. Kahawia tuliipata kwa kuchemsha machicha ya chai mpaka yawe mazito. Nyekundu ilitoka kwenye udongo wa kichuguu, tukauchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya na uji mwembamba ili ushike karatasi. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha. Nilikata vipande vya maboksi ya biskuti nikatoboa tundu la mraba katikati ya kila kimoja, tukakiita kidirisha. Mtoto anakiinua mbele ya jicho moja, anafumba la pili, na kinachoonekana ndani ya tundu ndicho anachochora, si dunia nzima. Maana shida ya kwanza ya anayechora mandhari, yaani nchi jinsi inavyoonekana mbele yake, ni kutaka kuingiza kila kitu.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa upande wa Sigor. Kule, katika nchi ya Chepalungu, ni kukavu, na jicho linafika mbali. Huko ndiko nilikojifunza kufundisha umbali. Kitu cha karibu kina rangi nzito na kingo kali. Kadiri kinavyokwenda mbali rangi yake hupauka na kuelekea buluu, kwa sababu ya hewa na vumbi lililo katikati. Kwa hiyo tulianza picha kutoka nyuma: anga kwanza, kwa rangi iliyotiwa maji mengi, kisha vilima, kisha vichaka, mwisho nyasi za miguuni.

Siku moja Mkaguzi wa Shule alifika bila taarifa akatukuta tumekaa chini, nje, saa ya somo. Alisimama nyuma ya msichana mmoja mdogo.

"Mbona mlima wako ni buluu? Umewahi kuona mlima wa buluu?"

Mtoto hakuogopa. Akampa kidirisha chake. "Angalia na hii, mzee."

Mkaguzi alifumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu. "Kumbe," alisema hatimaye. Kisha akanigeukia: "Mwalimu, nitaandika kwamba somo lilikuwa na vifaa." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kuandikiwa na ofisi.

Londiani nilikaa miaka kumi na moja, na kwingine nilipita tu. Lakini kisa ninachotaka kuwaachia kilitokea katika shule yangu ya mwisho, upande wa Kericho, miezi michache kabla sijastaafu. Jina la shule sitalitaja. Ilikuwa chini ya mteremko mkali wa mashamba madogo ya chai, na juu ya chai kulikuwa na safu ya mikaratusi. Madarasa mawili, gredi ya nne na ya tano, yalijengwa pale pale chini ya mteremko, mbali na mengine, ukuta wa nyuma ukigusa kivuli chake.

Kufikia wakati huo rangi zilikuwapo, za chupa, zinazochanganywa na maji. Kila mwaka gredi ya tano walichora mteremko ule ule kutoka uwanjani: chai mbele, miti katikati, anga nyuma. Nilipenda kuanza nao hapo kwa sababu mistari yake ni rahisi. Mikaratusi inasimama wima, chai imelala sawasawa kama mkeka.

Mwaka huo kulikuwa na mtoto anayeitwa Akinyi. Mama yake, mwenyeji wa upande wa ziwa, alikuwa akichuma majani chai katika mashamba ya watu hapo juu. Akinyi alichora miti imeinama yote upande mmoja, kama watu wanaosukumwa. Katikati ya chai alipitisha mstari wa kahawia kutoka ukingo hadi ukingo.

"Akinyi, miti husimama wima," nikamwambia. "Na huu mstari ni barabara? Hapo hakuna barabara."

"Madam, lakini iko hivyo."

"Hukuangalia vizuri."

"Nimeangalia, Madam. Miti imelala."

Nilikuwa na watoto wengine hamsini wa kupitia. Nikachukua brashi mkononi mwake, nikainyoosha miti yake kwa rangi nzito, na ule mstari nikaupaka kijani juu. Nikamwambia, "Sasa unaona?" Aliitazama ile karatasi kama mtu anayetazama sahani iliyopokonywa.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, nilikuwa nikibandika picha ukutani na kuondoa za mwaka uliotangulia. Nikashika moja ya zamani mkono huu na moja mpya mkono huu. Miti ya zamani ilikuwa wima. Miti mipya ilikuwa imeegemea. Nikachukua nyingine, na nyingine. Watoto saba walikuwa wameichora imeinama, wengine kidogo, wengine sana, wote upande wa shule. Na wote saba nilikuwa nimewaandikia kwa kalamu nyekundu: *Nyoosha miti.*

Nilitoka nje nikaitazama mikaratusi yenyewe, na hapo nikagundua kwamba mwaka mzima sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nikiijua tu.

Nilichukua mwavuli nikapanda. Katikati ya chai ardhi ilikuwa imepasuka kutoka upande mmoja wa shamba hadi wa pili. Nilitumbukiza mwavuli ndani ya ufa, ukaingia hadi mpini. Nilishuka mbio, nikateleza, nikaingia ofisini na matope hadi magotini.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa kijana kwangu, mtu mwadilifu, mwenye mtihani wa gredi ya sita wiki iliyokuwa ikija na ofisi ya elimu ikimpigia simu kila asubuhi. Nilimwekea zile picha mezani, ya Akinyi juu.

"Madam Rael," alisema taratibu, "unataka niwaambie wazazi kwamba nimefunga madarasa mawili kwa sababu ya picha ya mtoto?"

"Kwa sababu ya ufa, mwalimu. Twende ukauone."

"Mvua ikiisha tutaenda. Hapo pamekuwa hivyo tangu nije."

Nilimpigia chifu. Akasema atatuma mtu. Nilirudi darasani kupitia nyuma ya majengo, na maji yaliyokuwa yakitoka chini ya mteremko, ambayo huwa meupe, yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyoungua: udongo wa ndani ulikuwa ukitoka nayo. Nilisimama hapo. Nilifikiria pensheni yangu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: niliifikiria kwanza, kisha nikafikiria watoto.

Halafu nikapiga kengele.

Niliwatoa gredi ya nne na ya tano, watoto mia moja na wawili, wawili wawili wakishikana mikono, tukavuka barabara kwenye ukumbi wa kanisa. Mchungaji alitufungulia bila kuuliza. Mwalimu Mkuu alikuja nyuma yetu, amekasirika hadi sauti ikamkauka. Jioni nilipewa barua ya kujieleza: kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuhamisha wanafunzi bila ruhusa.

Ijumaa jua liliwaka. Jumamosi na Jumapili, anga safi, mteremko umetulia. Mwanamume mmoja aliniuliza sokoni kama nimeota ndoto nyingine. Nilianza kujiambia kwamba mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, kwamba hofu yangu ndiyo iliyoinamisha miti. Jumapili alasiri niliandika barua ya kuomba radhi, nikaikunja.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu aliamuru watoto warudi madarasani. Nilikuwa nimesimama na ile barua mfukoni wakati mama yake Akinyi alipoingia uwanjani, kikapu cha majani mgongoni, na akina mama wengine kama kumi nyuma yake.

"Mwalimu, shikamoo," alimwambia Mwalimu Mkuu, ingawa mama huyo ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. "Hawa watoto hawarudi hapo."

"Mama, hayo ni mambo ya shule."

"Mimi nachuma chai huko juu kila siku. Hiyo laini ya chai imepasuka wiki ya tatu sasa. Tulikuwa tunaruka ufa tu. Leo tumeshindwa kuruka."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulimwambia mwenye shamba. Hapa shule hakuna mtu alituuliza. Ni mtoto tu alichora."

Mwalimu Mkuu alinitazama, kisha akatazama juu. Kwa mara ya kwanza nikamwona akiangalia. "Wakae kanisani leo," alisema. "Leo tu."

Jumanne hakutuita turudi, na kitu kama saa nne nilikuwa nikifundisha gredi ya tano kwenye viti vya kanisa. Hakukuwa na mvua. Tulisikia sauti kama lori linalomwaga kokoto, lakini haikukoma. Nilipotoka nje mikaratusi ilikuwa ikishuka ikiwa imesimama, polepole, pamoja na chai yake, mpaka ilipofika nyuma ya shule ikaanguka yote. Matope yaliingia kupitia madirisha ya nyuma yakatokea ya mbele. Ukuta wa gredi ya tano ulikwenda wote. Ng'ombe wa bawabu, aliyefungwa nyuma ya stoo, hakuonekana tena.

Mwalimu Mkuu alivuka barabara mbio, viatu mkononi. Aliwapanga watoto mbele ya kanisa akawahesabu. Mia moja na wawili. Akawahesabu tena. Alipoanza mara ya tatu sauti ilimkatika, nami nikaendelea kuhesabu badala yake, kwa sauti, huku yeye ameshika bega la mtoto wa mwisho.

Barua ya kujieleza aliirarua mwenyewe wiki hiyo. Kilichobaki kunichoma kilikuwa kingine. Nilimwita Akinyi, nikamtolea picha yake, ambayo ilikuwa bado kwenye mkoba wangu tangu siku ile ya ofisini.

"Akinyi, nilikosa. Wewe uliona, mimi sikuona."

Aliishika karatasi, akaigeuza upande wa mwanga. "Madam, sasa naweza kutoa rangi yako?"

Kuna mbinu tunayoiita kuinua rangi. Rangi ya maji, hata ikikauka, ukiilowesha kwa sponji safi na kuigusa taratibu bila kusugua, inaachia karatasi. Nilimwonyesha. Tulifanya kwa zamu, tukibadilisha maji. Kijani changu kilitoka kidogo kidogo, na mstari wake wa kahawia ukarudi, umefifia, lakini upo. Miti haikurudi vizuri. Rangi yangu ilikuwa nzito mno. Alisema ataichora upya mwenyewe. Akaichora.

Nilistaafu muhula huo ulipoisha. Walinipa blanketi na hotuba, nami nikalia kuliko ilivyotakiwa. Watu husema ukistaafu wasiwasi unaisha. Wangu haukuisha. Nikipita mahali najikuta natazama milingoti ya stima kama iko wima, kuta kama zina nyufa, maji ya mitaro yana rangi gani. Wanangu wananicheka. Mimi nawaambia kwamba miaka thelathini na tisa nilidhani nafundisha watoto kuona, kumbe kazi ngumu ilikuwa kuwaamini wakishaona.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mgeni, msichana aliyeanza kazi mwaka huu karibu na Bomet, alinipigia simu saa za asubuhi. Wenzake shuleni walimpa namba yangu kwa sababu hajui kusahihisha picha.

"Madam, kuna mtoto hapa amechora mto mwekundu kabisa. Nimwekee kosa?"

"Umeuona huo mto leo?"

"Leo? Bado, Madam. Uko tu hapo chini."

"Basi weka kalamu chini uende."

Nilibaki nimesimama jikoni, simu mkononi, uji ukimwagikia moto. Alipopiga tena alikuwa akihema.

"Madam," alisema, "ni mwekundu."

"Mpe huyo mtoto alama zake zote," nikamwambia. "Halafu muulize mama yake huko juu kuna nini."