Nilivyowasaidia wageni wa tabianchi kuandika kwamba konde la mama halina shida

Wakuu, heshima zenu nyote humu ndani.

Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na sehemu mbaya kuliko zote niliifanya mwenyewe kwa mdomo wangu. Kwa hiyo sina haja ya kutia chumvi. Chumvi tunayo ya kutosha huku, mtaiona.

Mimi ni Mpemba, natokea kwenye kijisiwa kimoja kusini mwa Pemba. Jina silitaji, mwenye kuelewa ataelewa. Nafundisha skuli ya msingi, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini kijijini ndicho kilichopo.

Mama yangu, Bi Time, alikuwa na konde la mpunga bondeni, nyuma ya mikoko. Alirithi kwa mama yake. Sisi sote watoto wake tumekulia mpunga wa konde lile.

Sasa bahari imepanda. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa mpaka yanapita mikoko na kuingia bondeni. Yakiondoka ardhi inabaki nyeupe kwa chumvi. Mpunga unageuka njano, halafu unakufa. Makonde ya majirani yalishakwisha. La mama lilikuwa juu kidogo, ndiyo maana likabaki, ingawa nalo chumvi ilishaanza kulila pembeni.

Tulichohitaji ni tuta. Tuta la mawe, basi. Hatukuomba uwanja wa ndege.

Kamati ya kijiji ikaniambia niandike barua kwa shirika moja la huko Ulaya, wanaotoa misaada ya haki ya tabianchi. Kwa asiyejua, haki ya tabianchi ni hivi: wenye viwanda wanachafua hewa miaka na miaka, dunia inapata joto, bahari inapanda, halafu asiye na hata jenereta ndiye anayeandika barua ya kuomba kwa adabu.

Nikaandika kwa adabu.

Wakajibu kwamba wanakuja kujionea, field visit. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Faki, akanambia, "Waambie waje mwezi mpevu. Wakija maji mafu wataona nini, kaa?"

Maji mafu, kwa ndugu zangu wa bara, ni zile siku ambazo bahari haipandi sana. Nikatuma email nikaeleza yote, na tarehe nikawawekea. Wakashukuru sana kwa ushirikiano wangu. Wakasema kalenda imeshapangwa na tiketi za ndege zimeshakatwa.

Wakaja maji mafu.

Wageni wanne, boti ya injini mbili, fulana mpya zenye maandishi ya kuokoa dunia. Mkubwa wao ni konsalta mwenye kofia pana, tumwite Bwana Kofia. Si mtu mbaya, nasema kweli. Alikuwa na adabu kuliko madiwani wengi niliowahi kuwaona.

Bahari siku hiyo imetulia kule nje ya mikoko, haina habari na mtu. Bondeni kukavu. Bwana Kofia akapiga picha za ukavu.

Na sisi tukamsaidia. Maana siku moja kabla, kina mama walishinda bondeni wanang'oa mpunga uliokufa na kufagia njia. Mgeni anakuja, utaacha uchafu? Wakaukusanya wakauchoma. Ndiyo wakuu, ushahidi wetu wote tuliupiga kiberiti wenyewe, na tukapongezana.

Ikafuata semina chini ya turubai. Tukafundishwa kupunguza hewa ukaa. Bwana Kofia, aliyefika kwetu kwa ndege mbili, gari na boti, akatueleza kwamba kila mmoja ana mchango wake. Mama yangu, mwenye mafiga matatu na chungu kimoja, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninong'oneza, "Mwanangu hebu muulize, na yeye kapunguza?"

Sikutafsiri. Nilicheka nikajifanya nakohoa.

Chakula cha mchana kikaliwa nyumbani kwetu. Pilau, mchele wa dukani kutoka mjini Chake. Maji ya kunywa yaliletwa kwa madumu kutoka ng'ambo, maana kisima chetu nacho kimeshaingia chumvi. Hayo yote mgeni hayajui, na mama hakutaka ayajue.

Bwana Kofia akiwa kwenye sahani ya pili akaniomba nimuulize mama: je, konde linawatosha kwa chakula?

Nikauliza. Mama akajitanda kanga yake vizuri, akajibu, "Alhamdulillahi, hatuna shida. Mwambie ale, asione haya."

Naomba nieleze hapa, maana najua kuna watu wataanza kumcheka. Kwetu, mtu mkono wake umo sahanini mwako, humwambii kwamba una njaa. Hilo tonge litamkwama. Utakuwa umemsimanga. Mama yangu hata paa lingekuwa linaungua angejibu vilevile, na angemuongezea nyama.

Mimi nilijua. Sentensi ya Kiingereza nilikuwa nayo tayari ulimini: "Anasema hivyo kwa heshima tu, ukweli ni kwamba konde linakufa." Sasa nimtie mama yangu uwongo mbele ya wageni, ndani ya nyumba yake?

Nikatafsiri neno kwa neno. No problem.

Bwana Kofia akaandika kwenye tableti yake. Akauliza na huu mchele mtamu, je, ni wa konde hilo? Nikamtazama mama, mama akanitazama. Nikasema yes.

Hiyo yes hakuniamrisha mtu.

Miezi ikapita, ripoti ikaja. Imechapwa vizuri ajabu. Picha ya mama imo, ameshika sahani, anatabasamu. Chini yake imeandikwa kwamba jamii hii ni resilient, yaani inastahimili yenyewe, kaya zina chakula cha uhakika, na siku ya ukaguzi hayakuonekana mafuriko. Tuta halikuwa kipaumbele. Badala yake tukaletewa bango la chuma lenye picha ya dunia inayotabasamu, likasimikwa ufukweni.

Msimu uliofuata, mpunga wa mama ulipoanza kutoa mashuke, likaja bamvua. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa bondeni na viroba vya mchanga, kijiji kizima. Maji yakavipita viroba bila haraka yoyote, yakaingia kondeni.

Mama alisimama katikati ya mpunga wake, maji magotini. Mzee Faki akamwita, "Bi Time, toka huko, maji yanazidi."

"N'natoka," akasema. "N'nalitizama tu."

Wiki mbili baadaye konde lilikuwa jeupe lote. Siku hiyo narudi kutoka skuli nikasikia kinu uani. Mama anatwanga. Nikaona kando yake kibuyu cha mbegu, ile mbegu ya bibi, ambayo hata mwaka wa njaa kali haikuguswa. Kibuyu kitupu.

Nikamwambia, "Mama, hiyo si mbegu?"

Akasema, "Nikaipande wapi?"

Tuliila siku tatu. Wakuu, sijawahi kula wali mtamu namna ile, na sijawahi kuona aibu namna ile.

Nimewaandikia wale wageni nikaungama kila kitu: maji mafu, mpunga tuliouchoma, mchele wa Chake, na yes yangu. Wamenishukuru kwa maoni yangu muhimu.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni akija na kalamu, mlishe ashibe, halafu mtoe nje mkamwonyeshe chumvi. Ukishindwa kusema wewe, basi usikubali kuwa mkalimani.

Mnaofanya kazi kwenye miradi hii, nielezeni ripoti ikishachapwa inarekebishwaje, au ndiyo imeshakuwa ukweli? Aliyepatwa na mambo haya kwao naye aseme.

Na wenye kutaka kunitukana, karibuni, nafasi ipo. Ila mama yangu mwacheni. Yeye alikuwa anamkirimu mgeni wake. Aliyejua Kiingereza nilikuwa mimi.