Swali la Karani wa Kaloleni

Karani wa kanisa pale Kaloleni hafungui daftari la ubatizo kabla hajalipangusa kwa leso yake, wala hafunui ukurasa kabla hajalamba kidole. Everlyne alikuwa ameshayachoka yote mawili. Hii ilikuwa Ijumaa ya tatu amesimama mbele ya meza ile na barua kutoka ofisi ya kumbukumbu huko Uskoti: akina James Fraser ni wengi mno, tutajie jina la baba yake. Nyumbani mama yake, ajuza wa miaka themanini na saba, alitaka jambo moja tu, kujua kwao baba yake Mskoti, huyo James Fraser, kabla yeye mwenyewe hajafa.

"Kaka mkubwa wa mamako aliitwa nani?" karani akauliza kwa sauti yake ya kuvuta, kama Ijumaa mbili zilizopita.

Everlyne akapandwa na hasira. "Mzee wangu, mimi namtafuta babu, si mjomba! Mjomba alikufa mchanga. Aliitwa Donald. Haya, umeridhika?"

Karani akalamba kidole, akafunua, akaweka ukucha juu ya jina. "Huyu hapa. Sisi mtoto wa kwanza wa kiume tunampa jina la babu yake, mzaa baba. Wamishonari wa Kiskoti nimewasoma humu miaka thelathini, na wao vivyo hivyo. Waandikie: James wa Donald."

Akalifunga daftari, akalipangusa tena.

"Nilikuuliza Ijumaa ya kwanza, mwanangu. Ukanipigia kelele."