Mkasi wa Mama na Kengele za Hospitali

Dada yangu mkubwa tulimwita Redio. Kila lililotokea uani lilimfikia mama likiwa bado la moto. "Mama, huyu amepanda ukuta! Mama, amelamba sukari! Mama, paka yuko jikoni!" Mama alikuwa fundi cherehani, akishona katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na mguu wake ulikuwa hautulii kwenye kanyagio la cherehani. Siku moja akazitoa pini mdomoni, akamgeukia.

"Wewe Redio, utaniua kwa matangazo. Niite kwa damu, kwa moto, au mtu tusiyemjua akivuka mlango. Mengine malizaneni huko huko."

Mimi niliondoka nyumbani mapema, nikawa mtu wa mabegi, na kila nirudipo hufikia kwa Redio. Cherehani ya mama iko sebuleni kwake, imefunikwa kitambaa, juu yake zimelala chaja za simu. Siku hizi Redio ndiye mlinzi wa mtandao wa kompyuta katika hospitali kubwa ya mjini. Safari hii nilimkuta macho mekundu. Simu yake ililia tukisalimiana, ikalia akinimiminia chai, ikalia nikiwa bafuni.

"Nani huyo asiyechoka?"

"Kazini. Ule mfumo mpya wa ulinzi. Muuguzi akikosea nenosiri, unalia. Printa ikizimwa, unalia. Daktari akifungua barua pepe akiwa kwao, unalia."

"Na mwizi akiingia?"

"Unalia vile vile. Ndipo penye kazi hapo, mdogo wangu. Wenzangu wameshazima sauti za simu zao."

Mkuu wake naye alikuwa amechoka. Alimpa mpaka Ijumaa: kelele zikiendelea, anauzima mfumo wote. Mafaili ya wagonjwa yangebaki bila mtu wa kuyalinda, na Redio alikuwa ameuomba mfumo ule mpaka akaonekana msumbufu.

Nikamkumbusha pini za mama. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Kumbe sasa mama ni mimi, na lile dude ndilo Redio!"

Akaondoa chaja, akaweka kompyuta yake juu ya cherehani, akaanza kuandika sheria, akinisomea kila moja. Muuguzi akikosea nenosiri mara mbili kisha akapatia, nyamaza. Amekesha zamu, ana usingizi. Jina la mtu aliye likizo likifungua faili la mgonjwa, niite. Kompyuta isiyo yetu ikijiunga na mtandao, niite, huyo ndiye mgeni aliyevuka mlango.

Kisha akasita. "Na ile ya kimya."

Hakuhitaji kunieleza. Siku ile ya utotoni tulikuwa tukiruka kamba uani sauti ya cherehani ilipokatika. Sisi wengine hatukusikia kitu. Ni vigumu kusikia kilichoacha kulia. Redio aliiachia kamba hewani, akakimbia. Mama alikuwa ameegemea meza, mdomo umepinda. Jirani akamkimbiza hospitali, na daktari akasema tumewahi. Aliporudi kwenye cherehani yake alikuja na jambo jipya: kila aliposimamisha mguu ili akate kitambaa, aligonga mkasi mezani mara mbili. Ko, ko. Yaani, nipo. Nasi tukaendelea kuruka.

Basi Redio akaandika: kompyuta ya stoo ya dawa ikikaa kimya saa za kazi, niite. "Mwizi mwenye akili," aliniambia, "huanza kwa kumziba mdomo anayeweza kupiga kelele."

Ijumaa nilimpelekea chakula cha mchana ofisini, chumba chembamba chenye feni na kioo cha kompyuta kisicholia. Mkuu akaingia, kikombe mkononi, akakitazama kioo.

"Dada, umeshauzima mwenyewe?"

"Mfumo uko macho, mkuu."

"Kimya hivi? Juzi umelia mpaka nikasahau jina la mke wangu. Sasa nitajuaje kama uko macho au umekufa? Hapana, dada. Nikiuzima angalau najua umezimwa."

Akasogelea swichi ya mfumo ukutani. Nilimwona Redio akipata jibu na kuona aibu kwa pamoja. Stoo ya dawa alikuwa ameiwekea sikio, lakini mlinzi mwenyewe, ule mfumo, hakuna aliyemsikiliza.

"Malizia hiyo chai kwanza, mkuu wangu," akasema, akavuta kiti.

Aliandika sheria moja fupi. Chai haijaisha, simu ya mkuu ikatetemeka mfukoni, mara mbili. Akaitoa, akaisoma kwa sauti. "'Nipo.' Nani huyu?"

"Ndio mfumo wenyewe. Kila asubuhi utatuambia hivyo, mimi na wewe. Ukisikia kimya kingine, kaa na amani. Ila siku usipokuambia hilo neno, kimbia."

Mkuu akairudisha simu mfukoni. Swichi hakuigusa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ufundishe na shikamoo basi. Mimi mtu mzima."

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafunga begi langu sebuleni. Simu ya Redio ikatetemeka juu ya cherehani, mara mbili, fupi fupi. Yeye alikuwa jikoni anakata mkate, na hakuja kuitazama.

"Haya, mama," alisema, kisu kikaendelea.