Mstari wa Masale

Gunia la katani likilowa hutoa harufu iliyo katikati ya nyasi zilizovunda na kamba mpya. Harufu hiyo ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani kwetu Iyolwa, upande wa Uganda, jioni ile mama aliporudi kutoka kwao Busia, mwanzoni mwa mvua za mwaka nilipotimiza miaka kumi. Gunia lilikuwa limefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi, na ndani lilijaa vipande vya masale, ule mmea wa shina jembamba na majani marefu yanayoinama kama ya mhindi mchanga. Mama alikuwa amevikata uani kwa babu, upande wa Kenya, akavifunika kwa gunia lililoloweshwa ili visikauke njiani. Alitusimulia kwamba pale mpakani askari alimsimamisha, akachungulia, akamuuliza, "Mwalimu, leo unavusha msitu?" Naye akamjibu, "Navusha kivuli, afande. Kina ushuru?" Askari akampungia mkono apite.

Mama alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo tu ya shamba letu. Mwishoni mwa muhula ule wangekuja wageni kutoka wilayani, na mwalimu mkuu alikuwa amegawa uwanja wa shule vipande vipande, kila mwalimu apendezeshe chake. Mama alipewa upande wa chini, ule ulioonekana vibaya kuliko yote: mteremko wa udongo mwekundu, na njia ya miguu iliyoshuka kwenda chemchemini. Alilichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Alikuwa mgeni pale, mke aliyeolewa kutoka upande wa pili wa mpaka, asiyejua vizuri Kidhopadhola, lugha ya pale, na hivyo kusema Kiswahili na kila mtu, na nadhani alitaka siku moja aache kitu ambacho watu wangekitazama na kusema, hiki amekifanya yeye. Alipokulia, mjini Busia, masale yalikuwa pambo tu. Yaliota kando ya ngazi, kando ya bomba la maji, hata nyuma ya choo, wala hayakumwambia mtu chochote.

Nilimsaidia kupanda. Alichomeka vigingi viwili kando ya njia, upande wake wa nje, kimoja juu karibu na darasa la saba na kingine chini mteremko ulipoishia, akafunga uzi kati yake, akaniambia nisogee hatua moja moja nikichimba shimo kila ninaposimama. Wanafunzi wake walileta maji kwa makopo. Ilipofika saa ya chakula mstari ulikuwa umekamilika, umenyooka hivi kwamba ukifumba jicho moja uliona shina moja tu. Mama alisimama juu, mikono kiunoni, akatabasamu. Nilikuwa mtoto wa kupenda kuuliza, nikamuuliza kwa nini watu waliokuwa wakipita hawasemi kitu. Kila siku walikuwa wakimtania juu ya udongo viatuni mwake, lakini siku ile walimwamkia kwa sauti ya chini wakaendelea na safari. "Wamechoka," akasema. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini mshindo wenyewe huchelewa.

Barazani petu palielekea ile njia, nami nilikuwa na tabia ya kuandika katika daftari kuukuu ni nani aliyepita na alibeba nini. Hakuna aliyenituma, nilitaka tu kujua. Ndiyo maana niligundua kabla ya wengine kwamba Min Owori ametoweka. Min Owori, yaani mama yake Owori, alikuwa mjane aliyepakana na shule. Mwanawe pekee alifanya kazi Jinja na alionekana Krismasi hadi Krismasi. Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, mama huyo alipita pale na dumu la njano kichwani, akirudi kutoka chemchemini, na kila asubuhi aliniuliza kama nimeshaamka au bado naota. Siku tatu zilipita bila jina lake daftarini. Siku ya nne nilimwona mbali, upande wa barabara kubwa, akitembea polepole na dumu lile lile. Alikuwa amezunguka shule nzima.

Nilimkimbilia, nikamsalimu, nikamuuliza kama njia ina nyoka. Alishusha dumu, akapumua kwanza.

"Nyoka hapana. Mimi nazunguka tu, mtoto wangu."

"Lakini ni mbali."

"Ni mbali sana. Lakini mama yako naweka mpaka. Mtu navuka mpaka ya watu kwenda wapi?" Kisha akaniangalia kama mtu anayepima nguo. "Na muhogo yangu? Mama yako nasema nini juu ya muhogo yangu?"

Sikuelewa swali. Nilirudi hadi kwenye njia, nikasimama pale pale mama aliposimama siku ya kupanda, nikatazama tena. Ndipo nikauona ule ukanda wa mihogo. Ulikuwa upande wa shule, kati ya njia na miti ya goli la chini, mrefu na mwembamba kama kanga iliyoanikwa, na wote ulikuwa wa Min Owori. Njia ile haikuwa ukingo wa shule hata kidogo. Ilikatiza ndani ya shamba lake. Marehemu mumewe aliwaruhusu watu wapite, na baada ya miaka mingi wageni kama mama walidhani kwamba njia ndiyo inayotenganisha. Kwa watu wa pale masale hayakuwa pambo. Masale ndiyo yaliyogawa shamba la ndugu na ndugu, yalipandwa mbele ya mashahidi, na popote yaliposimama safu moja hakuna aliyeuliza maana yake. Uzi wa mama ulikuwa umeipa shule mihogo ya mjane na njia yake ya maji, na wote waliopita walidhani ameagizwa kufanya hivyo.

Mama alikuwa akisahihisha madaftari nilipomweleza. Aliweka kalamu chini. Kisha akainuka, akachukua jembe, akasema atayang'oa yote kabla ya chakula. Bahati nzuri ilikuwa Jumamosi, na baba, aliyekuwa seremala Tororo mjini, alikuwa ndiyo kwanza anateremka kutoka kwenye bodaboda. Alisikiliza habari yote akiwa bado ameshika mkoba wake wa misumeno.

"Usiguse," akasema.

"Ni makosa yangu, acha niyaondoe."

"Ukiyapanda umekosea. Ukiyang'oa umefanya kosa jingine, na hilo ni kubwa zaidi. Hapa mtu aliyeng'oa mpaka hasahauliwi. Hata wajukuu zake wanaonyeshwa kidole."

"Lakini si mpaka, Baba Akoth. Ni maua."

"Basi yaambie masale yenyewe, labda yatakusikia," baba akasema, lakini hakucheka, na mama pia hakucheka.

Alasiri tulikwenda watatu kwa Min Owori. Nilipelekwa kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa, na kwa desturi yetu aliyepewa neno huenda nalo. Alitukaribisha kwa karanga za kukaanga kwenye sinia, akatuuliza habari za mvua, za ng'ombe wa babu Busia, za misumari kupanda bei Tororo, na muda wote ule mama aliviringisha karanga moja kati ya vidole bila kuila. Hatimaye akasema moja kwa moja, kwa Kiswahili chake cha darasani, kwamba hakutumwa na mtu, hakujua, na kwamba kwao mmea ule hupandwa hata kando ya choo.

Min Owori aliinamia sinia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Kando ya choo," akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Sasa choo ya huko nayo iko na mpaka? Huyu nalala upande huu, mwingine upande ile?" Baba ndipo naye akaangua kicheko, na mama akaila ile karanga.

Lakini kicheko hakikuondoa mstari. Walilizungusha jambo hilo kwa muda mrefu. Baba alitaka wazee waitwe, masale yang'olewe mbele yao. Min Owori alikataa. Alisema kwamba wazee wakija, watu wa mbali watasikia kulikuwa na ugomvi wa mpaka, na yeye mwanamke peke yake hataki ugomvi uandikwe jina lake hata kama ameshinda. Kisha akatupa jibu ambalo ninalitumia katika kazi yangu hadi leo. Mpaka, alisema, unasimama mstari moja kama watoto wa shule asubuhi. Basi panda ingine mbele. Panda ingine nyuma. Panda na vitu vingine katikati. Ikichanganyika kabisa, nani nasema ni mpaka?

Jumatatu Min Owori alikuja mwenyewe na jembe, saa ambayo watu wengi hupita, akakata vichwa vya masale matatu akavichomeka ovyo upande wa pili wa mstari, huku akisalimiana na kila mpita njia kwa sauti ya juu. Hakueleza kitu, wala hakuna aliyemwuliza. Mama aliongeza mchaichai, kisha maua yenye majani mapana, kisha mche wa mpera ulioota wenyewe jalalani, na mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna mimea miwili inayofuatana kwa hatua sawa. Ni kazi ngumu kuliko kunyoosha uzi. Mkono wa mwanadamu hupenda safu. Tuliacha mapengo matatu pale nyayo zilipokuwa zimechimba zaidi. Wiki ile ile nililiandika tena jina la Min Owori daftarini, pamoja na dumu la njano, na swali kama nimeamka au bado naota.

Wageni wa wilaya walipokuja hawakufurahi. Walimu wengine walikuwa wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa, wakapata sifa. Mgeni mmoja alitazama upande wa chini, akamuuliza mwalimu mkuu kwa nini kichaka kile hakijafyekwa, na mwalimu mkuu akamgeukia mama mbele ya watu wote kusubiri ajibu. Mama alisema, "Kinakua bado," basi. Jioni alikuwa na uso wa mtu aliyemeza dawa. Mvua zilipozidi, maji yaliyokuwa yakishuka mteremkoni na kula udongo yaligonga kile kichaka, yakapungua kasi, yakaacha tope laini miguuni pa mpera. Wanawake walianza kutua madumu hapo kupumzika. Lakini wageni walikuwa wamekwenda, na hawakurudi kuona.

Leo mimi ni mbunifu wa mandhari, na ofisi yangu ni chumba kimoja Tororo, dirisha likitazama jabali kubwa la mji. Kompyuta inanionyesha kiwanja kutoka angani kabla sijakikanyaga, pamoja na mwinuko wake na paa za majirani. Hata hivyo mwenda pole hajikwai, na siku za kwanza za kila kazi sichori kitu. Ninakaa. Ninatazama miguu inapita wapi, maji yanakimbilia wapi, wagonjwa au wanafunzi wanajibanza kivuli cha nani saa nane mchana. Ninauliza kila mmea una sifa gani pale, kwa sababu mmea unaoota vizuri penye udongo wake unaweza kuwa kosa kabisa penye watu wake. Wateja wengi hudhani nachelewesha. Wanataka nyasi, minazi ya mapambo na ua ulionyooka, kama ilivyo katika hoteli waliyoiona Kampala au Kisumu, na wakati mwingine, nakiri, nimewapa hivyo hivyo kwa kuchoka kubishana.

Mwaka huu kamati ya shule ile ile iliniita. Wamejenga ukuta wa matofali kuizunguka, jambo ambalo siwezi kuwalaumu, kwa maana madawati yalikuwa yakiibwa. Ukanda wa mihogo ulipimwa kwa haki na kubaki nje, mikononi mwa mjukuu wa Min Owori aitwaye Nyafwono, ambaye sasa ana watoto wake. Ila pale chini, njia ilipokatiza kona ya uwanja wa shule, kichaka kiling'olewa na njia ikazibwa. Msingi ulipita juu yake. Nilipokwenda kukagua, Nyafwono alikuwa akija na maji kutoka upande wa barabara kubwa, kichwani dumu, mgongoni mtoto. Nilimwuliza kama aliongea na kamati. "Nimwambie nani, dada? Ukuta umeshakauka," akasema, akaendelea kupanda mlima.

Kosa la mama lilikuwa la mimea, na kosa la mimea lilirekebishwa kwa kuongeza mimea. Sijui ni matofali mangapi unaweza kuongeza kwenye ukuta mpaka uache kuwa ukuta. Nilichora bustani waliyoitaka, na chini ya mteremko nikachora kilango cha upana wa mtu mmoja mwenye dumu, kinachofunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi, na nafasi ya mlinzi kukaa kivulini. Mwenyekiti wa kamati aliukunja mchoro kwa adabu. "Mbunifu," akasema, "tulikuita utupandie maua. Kubomoa tunao mafundi." Niliomba niupeleke tena ukiwa umerekebishwa, akakubali, nami nikaupeleka juzi. Katika huu wa pili nimeondoa maua yote, nikaacha kilango.