Nyumba ya Wakfu Iliyosemwa Haina Watu

Mimi naitwa Mwanakhamis. Skuli niliachia darasa la tatu, kwa hivyo nnaandika kama nnavyosema. Nnakuandikieni nyinyi wenye kikohozi kisichopona, na nyinyi mliotolewa majumbani mwenu. Mimi yote mawili yalinipata kwa pamoja, na leo nnapumua.

Nilikuwa mke wa Omar, fundi wa milango. Tukikaa mtaa wa Malindi, katika nyumba aliyorithi kwa baba yake. Nikipika mikate ya ufuta, watu wakinunua mlangoni. Nilikuwa mnene, na sauti yangu ikisikika hadi njia ya pili. Omar akafa ghafla kwa presha, randa mkononi. Mtoto hatukujaaliwa.

Nikaingia eda. Desturi yetu mnaijua, kizuka, yaani mjane aliye edani, hukaa ndani, hatoki. Humo ndani ndimo kikohozi kilimonianzia. Mwanzo kikavu, halafu homa za jioni na jasho la kukamua kanga. Nguo zikawa zinanivuka. Asubuhi moja nikatema kwenye kopo, nikaona damu.

Nikamwambia Seif, ndugu yake marehemu, akiwa nyuma ya pazia: "Shemegi, nipeleke hospitali."

"Kizuka gani huyo wa kuzurura mahospitalini?" akanijibu. "Hayo majonzi tu. Kunywa tangawizi na asali."

Baadaye sana nikaambiwa kuwa mgonjwa anayo ruhusa ya kutoka akatibiwe, hata akiwa edani. Seif alikuwa akilijua hilo, chuo cha Kurani kasoma kuliko mimi. Na alikuwa akijua kuwa nikifia mle ndani, hapana atakayemdai fungu langu la nyumba. Nnamtaja kwa jina. Akisoma, na asome.

Eda ikaisha, nikavishwa nguo mpya. Nikaenda kuzuru kaburi la mume wangu. Niliporudi, Seif keshatia kufuli jipya mlangoni, na bakuli langu la unga limewekwa nje.

Nikawa mtu wa kulala kwenye baraza za watu. Hofu ile mwili wangu haujaisahau. Nikikohoa ndani ya kanga ili mwenye nyumba asinisikie akanifukuza, na kifua kama kinachanwa kwa ndani. Kila mlango ukilia, moyo ukinipasuka. Mwanamke mmoja, mteja wangu wa mikate, alinipita akavuta buibui puani, kama hanijui.

Aliyenikuta barazani akaninyanyua ni Bi Zuhura, mwangalizi wa nyumba ya wakfu ya uchochoro wa pili. Tajiri mmoja wa zamani aliiweka nyumba ile kwa wasio na pa kukaa, na akaacha na maduka ya kuitunza. Maduka Serikali iliyachukua, basi ikawa ni juu ya hiyo Serikali kutoa kila mwaka fungu la mchele, la kutengeneza dari, na mshahara wa Bi Zuhura.

Alinipeleka hospitali kwanza. Daktari akaitazama picha ya kifua changu.

"Bi Mwanakhamis, hiki ni kifua kikuu. Kinapona. Lakini ukiacha dawa katikati kitarudi, na dawa hizi hazitakiweza tena. Una pa kukaa?"

"Anapo," Bi Zuhura akajibu kabla yangu.

Akanipa chumba cha peke yangu juu, chenye madirisha mawili ya kupitisha upepo. Vile vidonge vilinitesa. Mkojo ukawa mwekundu, nikaogopa ni damu. Viungo viliuma, uji nikautapika. Bi Zuhura ananisimamia: "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Mimi si mume wako, hunidanganyi."

Nilipoanza kushika mwili ndipo akaja Bwana Khatibu, wa ofisi ya Serikali inayosimamia nyumba ile. Hakukaa kitako. Akasema mlangoni: "Fungu la mwaka huu halikutoka. Nyumba mbovu, itafungwa. Rudini kwa jamaa zenu."

"Jamaa zangu wote wako Mwanakwerekwe makaburini," akasema Mzee Haji, kipofu aliyekaa chumba cha chini. "Kule wananipokea, lakini godoro hawana."

Tukacheka. Khatibu alipoondoka hakuna aliyecheka tena. Mchele ukakatika. Bi Zuhura akawa anafanya kazi bila mshahara, akituombea chakula kwa majirani. Masika ikaingia. Nikilala nnasikia chokaa inachururika ukutani kama mtu anamwaga mchele, na boriti zinalia. Nikibaki, nyumba itaniangukia. Nikitoka, dawa nitaziacha, na mimi nnajua nini kinafuata.

Asubuhi moja, baada ya mvua, ukuta wa mbele ukaporomoka njiani, wanapopita wageni na kamera zao. Hakuumia mtu. Miaka yote tunalia, hakuja mtu, lakini vumbi lile halijatua, wakubwa washafika. Khatibu mbele. Mimi nimesimama ndani, juu ya ngazi, wasiponiona.

Mkubwa wake akauliza: "Humu wanakaa watu?"

"Hapana, mheshimiwa," Khatibu akasema. "Ilishahamwa zamani."

Yule mkubwa hakutosheka. Akapaza sauti: "Kuna mtu humo?"

Nilitaka kujificha, kama nilivyozoea barazani. Mkono nshaupeleka mdomoni. Nikauondoa.

"Naam!" nikaitika. "Tumo!"

Na Mzee Haji chini: "Tumo! Na chai hatujanywa!"

Mkubwa akamwamuru Khatibu palepale atoe fungu letu. Fungu likatoka. Mafundi wakaja na boriti na chokaa, Bi Zuhura akalipwa. Nami nikamaliza dawa nikiwa chumbani kwangu. Daktari akaniambia: "Makohozi safi. Umepona." Nikalia hadi kikohozi kikanirudia, akacheka.

Nnamshukuru Mungu, kisha Bi Zuhura, aliyenifungulisha mdomo kila siku. Seif na Khatibu sijawasamehe, msiniulize. Ndugu yangu uliye edani unakohoa, toka ukatibiwe, dini haikukufungia. Na nyinyi mnaogawa fedha za umma, nyumba kama hii inataka fungu lake kila mwaka. Msingoje ukuta uanguke.

Mie bado nnakaa pale. Kila ukifika msimu wa bajeti, kiti changu nnakiweka mlangoni. Nnakaa nasikiliza. Wakija tena kuuliza kama kuna watu, wasipate kusema hawakujibiwa.