Ndugu wa Nne wa Mzee wa Louisville

Nilichagua kusoma historia ya Wavietnam kwa sababu nilitaka vita vya watu wengine. Vya kwetu Kivu nilikuwa nimevishiba. Mwalimu wangu pale chuoni Columbus, Marekani, aliuliza nani atachukua Kongo, halafu akanitazama mimi. Nikasema hapana, asante, nipe Vietnam. Bon, nilijiona mjanja.

Kazi ilikuwa kumtafuta mtu mmoja aliyeviona vita hivyo kwa macho yake na kumhoji mara mbili. Nilimpata mzee mmoja wa Kivietnam kule Louisville, jimboni Kentucky, askari wa zamani wa upande wa kusini. Alifungwa kambini miaka kadhaa baada ya Saigon, mji mkuu wao, kuanguka, kisha akaja Kentucky, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu. Kiingereza chake kilikuwa cha kujikongoja kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Mwaka huo nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Kule Buffalo, kwa mama yangu, nilikuwa nimemwacha msichana wa miaka kumi aliyeniita mama. Sikumzaa mimi. Ni wa dada yangu, aliyeuawa tulipokuwa tunakimbia. Kwenye kambi ya wakimbizi tuliambiwa yatima hufunguliwa faili lake peke yake, na tulijua mwenye faili lake husafirishwa peke yake, donc nikamwandikisha kwamba nimemzaa mimi. Maafisa wa wakimbizi walinihoji mara tano, na mara tano nikasema yale yale: siku, saa, mkunga, mvua iliyonyesha. Niliirudia ile mvua hadi nikaanza kuikumbuka.

Sasa barua ilikuwa imefika nyumbani kwa mama, Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo: mimi na mtoto twende ofisi ya uhamiaji, tuhojiwe kwa ajili ya ukaazi wa kudumu. Mama alinipigia simu. "Ile ulisema, ndiyo utasema. Usibadilishe hata nukta! Wakijua, watamuchukua huyu mutoto."

Tangu siku hiyo, chumbani kwangu Clintonville, mtaa wa Columbus, nilisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuona kitu.

Wiki moja kabla ya mahojiano yetu ya uhamiaji nilienda Louisville mara ya pili. Mzee alinikatia papai, akaanza kunisimulia tena utoto wake. Mimi nilikuwa na maandishi ya safari ya kwanza mapajani. Nikamkatiza. "Babu, mara ya kwanza ulisema ndugu watatu. Leo unasema wanne. Ipi ndiyo kweli?"

Nilisema kwa sauti ile ile ya yule bwana aliyekuwa akinihoji mimi kambini. Hata kalamu niliigonga mezani kama yeye. Nilikuwa nimehojiwa sana hadi sikujua namna nyingine ya kumuuliza mtu maisha yake.

Mzee akaweka kisu chini. Akasimama wima, mikono ubavuni, mtu wa miaka sabini na ushei, ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Nitarekebisha," akasema. "Nipe karatasi, naandika upya."

Mungu wangu! Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba wafungwa wa kambi zile walilazimishwa kuandika maisha yao tena na tena, na karatasi ya leo ikipishana na ya jana, mtu anaadhibiwa. Nilikuwa hata nimepiga mstari chini ya maneno hayo. Mjinga mimi. Nilimwomba msamaha, nikamwambia, babu, keti, mimi si mkubwa wa mtu, ni mwanafunzi tu. Ilichukua muda mrefu kabla hajaketi.

Ndugu wa nne, aliniambia, alikuwa amejificha wakati ndugu wengine wanaandikishwa na serikali mpya. Mzee hakumtaja kwenye karatasi zake za kambini, ili asitafutwe. Alipotoka kambini alikuta ndugu yule ameshakufa. "Sasa nataka kumtaja, lakini ulimi unaogopa," akasema. "Hayumo kwenye karatasi yoyote." Alilia, nami nikalia, na papai hatukulimaliza.

Kwenye basi la kurudi sikuyafungua maandishi yangu. Dada yangu naye hakuwamo kwenye karatasi yoyote. Nilikuwa nimemfuta mimi, kwa mkunga na mvua ya uongo.

Mama sikumwambia kwamba nimeamua kusema kweli, angenifungia ndani. Siku ya mahojiano, tukiwa tumekaa kwenye benchi la ofisi pale Buffalo, nilimwambia mtoto: aliyekuzaa ni dada yangu. Akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, je, alikuwa mrefu? Nikasema, mfupi, tena mkali. Kisha tukaitwa.

Afisa alikuwa mama mmoja mwenye mafua. Alituapisha, akafungua faili, akaniuliza mtoto huyu ni nani kwangu. Kiingereza chote kilinikimbia.

"Ni mama yangu," mtoto akajibu. "Aliyenizaa ni dada yake. Alikuwa mfupi."

Afisa akatazama faili, akatutazama sisi, akarudi kwenye faili. Akachukua karatasi tupu.

"Dada yako aliitwa nani?"

Nikamtajia, herufi moja moja, naye akaandika. Mkono wa mtoto ulikuwa ndani ya wangu, na sikujua kama nitatoka naye.