Barua Zisizo na Salamu

Niliingia Mbinga mjini juu ya magunia ya mahindi kutoka Litumbandyosi, nikiwa nimepanga kukaa siku mbili. Nilikaa misimu miwili. Kabla ya hapo nilishavua usipa, vile vidagaa vya ziwani, huko Lipingo, nikafyatua matofali, nikajifunza kompyuta kwenye duka la fotokopi Songea. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa utulivu. Chochote chenye skrubu nilitaka kukifungua nione ndani.

Kilichonizuia Mbinga ni kompyuta ya kikundi cha wakulima wa kahawa. Miaka ile biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa kwa wote, wanunuzi binafsi wakipanda milimani na malori na mizani zao, na kikundi kiliamua kutafuta mnunuzi wake ng'ambo bila mtu wa kati. Mfadhili akaleta kompyuta, modemu na programu ya barua pepe. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala. Mpaka leo nikinusa gunia la katani nasikia ile modemu ikilia kama vyura waliomeza filimbi.

Katibu alikuwa katekista mstaafu, na Kiingereza alikisoma kuliko sisi sote. Kila asubuhi alivaa miwani, akaunganisha simu, akapakua barua na kuzikagua. Programu ile ilikuwa na kitufe cha taka. Ukikibonyeza, barua inaondoka, na programu inajifunza: barua za namna hiyo zikija tena, inazitupa yenyewe kwenye sanduku la taka.

Mwezi ule tulisubiri jibu moja tu. Sampuli ya kahawa ilishapelekwa kwa mnunuzi mmoja wa ng'ambo, na kwa ajili yake familia zote za kikundi zilikuwa zimekataa kuuza kwa wenye malori. Ghala lilijaa mpaka usawa wa dirisha. Wiki tatu, kimya.

Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkulima, aliingia na udongo wa shamba miguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Jibu?"

"Bado," nikasema.

"Katibu, mashine yako inakula barua? Malori yanaondoka Jumamosi. Yakiondoka, kahawa hii tutainywa wenyewe mpaka Pasaka."

"Barua zinaingia, Mama. Jana tu ziliingia nne."

"Za nani?"

Katibu akakohoa. "Wajane wa majenerali, wale wenye mamilioni ya kugawa. Wanatusalimia sana."

Mimi nilishuku modemu kwanza. Nikabadilisha waya, nikapiga simu upya. Hakuna tofauti. Ndipo nikakiandikia kikundi barua kwa anwani yake yenyewe, mstari mmoja wa Kiingereza kuhusu magunia. Haikuonekana. Nikaandika nyingine, nikaijaza upendo wa Kristo, hali ya familia na baraka za Mungu. Hiyo ikaingia mara moja, ikakaa juu kabisa.

"Katibu, huwa unatupa barua zipi?"

"Zisizo na adabu."

"Ndiyo zipi hizo?"

"Wauza mashine, mawakala wa meli. Mtu anaanza tu, 'Thibitisha uzito.' Hajauliza mmeamkaje! Naibonyeza."

"Na wajane?"

"Siwajibu, mimi si mjinga. Lakini mtu aliyekusalimia humtupi jalalani. Mwanzoni mashine ilikuwa ikiwatupa, nikawa nawarudisha mmoja mmoja mpaka ikaelewa. Tangu ielewe, hilo sanduku la taka sijalifungua tena."

Sikucheka. Kwa Wamatengo, wenyeji wa milima ile, ukimkuta mtu shambani anachimba ngolo, yale mashimo yao ya kuzuia maji mlimani, huanzi na shida yako. Unasimama ukingoni, unauliza ameamkaje, watoto, mvua. Mimi nisiye na kwangu nilikula katika nyumba nyingi kwa salamu hizo tu. Katibu alikuwa ameifundisha mashine adabu za nyumbani kwake, nayo ikamtii.

Nikafungua sanduku la taka. Barua tatu za mnunuzi. Ya kwanza: sampuli ni nzuri, mna magunia mangapi? Ya pili: nasubiri. Ya tatu: nisipopata jibu hadi Ijumaa, nanunua kwingine.

Ilikuwa Alhamisi.

Mama Mwenyekiti akakaa juu ya gunia. "Andika," akamwambia katibu. Akasimama tena kuchungulia. "Katibu! Salamu aya nzima?"

"Mstari mmoja basi."

"Mmoja!"

Katibu akaandika kwamba tunatumaini yu mzima huko aliko, kisha idadi ya magunia. Nikatuma. Halafu nikafuta yote ambayo programu ilikuwa imejifunza, nikaingiza jina la mnunuzi kwenye daftari la anwani, nikaiamuru isiguse barua ya yeyote aliyemo humo. Tukaanza kuifundisha upya. Katibu aliwabonyeza wajane mmoja baada ya mwingine, kwa kusita, kama mtu anayefukuza wageni mvuani.

Ijumaa asubuhi modemu ikalia. Ikaingia barua moja. Katibu akaisoma kwa sauti: "Nimekubali. Pakieni."

"Halafu?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Basi."

Mama alishatoka, tukamsikia akiwaita kina mama wa ghalani kwa Kimatengo, na vigelegele vikapokelewa hadi barabarani. Katibu alibaki akiikodolea macho barua ile. "Hata jina letu hakulitaja," akasema. Lakini akaichapisha.

Jumapili, baada ya misa, wanakikundi walikusanyika nje ya ghala kusomewa. Nilisimama nyuma ya katibu, nikaiona karatasi. Juu ya yale maneno mawili ya mnunuzi, kwa kalamu, kwa mwandiko wake mzuri wa katekista, mzee alikuwa ameongeza mistari minne. Akaisoma yote pamoja bila kupumzika: mnunuzi anawasalimu wazee, akina mama na watoto, anauliza mmeamkaje, mashamba yanaendeleaje, na amekubali, pakieni.

Watu wakaitikia salamu. Bibi mmoja aliyekaa mbele akataka kujua kama huko kwa mnunuzi mvua nazo zimeanza, na katibu akamwahidi kuuliza.